Mwinjuma na Mwezi wa Mfungo Nne

Katika chuo cha Msahafu cha Mwalimu Bwanausi, pale Kaole, watoto walikuwa wakimwita Mwinjuma "Babu". Hawakumwonea. Wenyewe wengi walikuwa bado hawajang'oka meno ya utoto, na Mwinjuma alikuwa na miaka kumi na saba, kidevu kimeshaanza kuota vinyweleo, na akikunja miguu kwenye jamvi magoti yake yalimgonga aliyekaa mbele.

"Babu, sogea basi, unanitoboa mgongo," husema Kulwa, kibinti cha miaka minane chenye ulimi mkali.

"Nisogee wapi? Nyuma yangu ukuta."

"Sogea kwa mkeo."

Watoto hucheka, Mwalimu Bwanausi hugonga nguzo kwa fimbo ya henzirani, na kisomo huendelea. Mwinjuma hakasiriki. Kukasirika kunataka nguvu, na nguvu zake keshaziacha porini tangu alfajiri.

Alikuwa mchimba sandarusi. Baba yake alipokufa, yeye alikuwa bado katika juzuu ya kwanza, akatolewa chuoni akapewa jembe na mjomba wake, Mwinshehe. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliozama ardhini ukawa kama jiwe. Watu huuchimba, huuosha, huupeleka Bagamoyo kwa Wahindi, nao huupakia majahazini uende ng'ambo. Ni kazi ya kuinama. Unachimba shimo hadi likufike kiunoni, unachambua udongo kwa vidole, na siku nyingi unatoka na kokoto tupu na mgongo usionyooka. Miaka mitatu aliifanya kazi hiyo bila kusoma neno. Kisha siku moja akaenda mwenyewe kwa Mwalimu Bwanausi, akasimama mlangoni na jembe begani, akasema anataka kumaliza alichokianza. Mwalimu akamtazama, akasema, "Weka jembe nje, vua viatu." Hakuwa na viatu.

Tangu hapo alichimba hadi jua lipande, akaoga kisimani, akaingia chuoni nywele zingali na mchanga. Adhuhuri ikipita akarudi shimoni. Mara nyingi usingizi ulimchukua mgongo ukiwa wima na midomo ikitembea. Kulwa ndiye aliyegundua kwamba Babu anaweza kusoma akiwa amelala.

Watoto wa chuo huanza Msahafu kwa nyuma, kwenye sura fupi fupi, wakapanda polepole hadi sura ile ndefu kuliko zote, ambayo kwao ndiyo ya mwisho. Ni kama mtu aanze safari kwenye kijito aishie baharini. Mwinjuma aliifikia bahari hiyo mwaka ulipokuwa unazeeka, katika Mfungo Pili, na hapo ndipo mwalimu alipomweka kando akamwambia habari ya Sheikh Sadallah.

Sheikh Sadallah alikuwa mwanachuoni wa mjini Bagamoyo. Kila mwaka, siku ya kwanza ya Mfungo Nne, mwezi unaofungua mwaka, alifungua kitabu kipya cha sheria na kukifasiri neno kwa neno mbele ya vijana aliowachagua. Waliotoka kwake wakawa makadhi, makarani, walimu; mtu akisema "mimi nimesoma kwa Sheikh Sadallah" hupishwa kwenye baraza. Lakini mlango wake ulikuwa na kikomo. Aliyekuwa hajakhitimu Msahafu mpaka mwezi wa Mfungo Nne ukaandama, hapokelewi, awe mtoto wa liwali au wa mvuvi. Kitabu kikishafunguliwa, sheikh alikuwa akisema, hakirudishwi nyuma kwa ajili ya mchelewaji.

"Nimekwisha kumtajia jina lako," alisema Mwalimu Bwanausi. "Chuo hiki hakijapeleka mtu kwa Sadallah tangu meno yangu yalipokuwa yangu. Sasa soma."

Mjomba Mwinshehe naye alikuwa na kikomo chake. Yeye alikuwa pagazi ujanani, akabeba mizigo ya misafara hadi Unyanyembe, huko bara, akarudi, akaenda tena, mpaka bega lake la kulia likaota kinundu kama kitovu. Alimwambia dada yake, Mwajabu, mamake Mwinjuma, waziwazi: "Sandarusi inakwisha. Mashimo ya siku hizi yanatoa udongo tu. Kijana akipokelewa na sheikh, nitamlisha mimi mpaka amalize. Asipopokelewa, mwaka mpya ukiingia anakwenda bara na msafara. Bega analo."

Mwinjuma alilisikia hilo akiwa nyuma ya kiambaza. Alilishika bega lake kama mtu anayepima embe.

Basi Mfungo Tatu wote akasoma. Akasoma shimoni, jembe likipanda na kushuka. Akasoma akichota maji. Akasoma mpaka mjomba akasema kijana huyu atapandwa na jini la kisomo. Siku ya Alhamisi, mwezi ukiwa na siku ishirini na nane, alibakiwa na kipande kidogo, cha kusomwa kwa mkao mmoja. Mwalimu Bwanausi akasema, "Alasiri njoo tumalize."

Aliyekataa alikuwa mama.

"Alasiri ya leo, mwalimu? Nina nini ndani? Mwanangu wa pekee akhitimu kama mwizi, pasiwe na ubani, pasiwe na mtu wa kumwitikia amina? Nipe mpaka Jumamosi. Mchele ninao, nazi nimeahidiwa, kuku nimewafunga miguu."

"Mwezi, Bi Mwajabu."

"Mwezi unajulikana. Mfungo Mosi ulipunguka, Mfungo Pili ukapunguka. Mwezi haupunguki mara tatu mfululizo. Huu utatimia thelathini, nayo thelathini ni Jumamosi."

Neno hilo watu wote wa Kaole walikuwa wakilisema, na wazee wao kabla yao. Mwalimu Bwanausi mwenyewe alikuwa amelisikia kwa babu yake. Akakuna ndevu, akamtazama Mwinjuma. "Wewe wasemaje?"

Mwinjuma alikuwa amesimama akiegemea nguzo. Laiti angesema, "Tumalize leo," yangekwisha. Lakini macho yalimwasha, na mbele yake aliiona Ijumaa, siku ambayo chuo hufungwa, imetandikwa kama kitanda.

"Mama anataka watu waje," alisema. "Jumamosi si mbali."

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, mjomba hakumwachia kitanda hicho. Alimtuma porini akafukie mashimo ya zamani, ng'ombe wa watu wasije wakavunjika miguu. Alimkuta huko mzee Rehani, mchimbaji mwenziwe, ameketi juu ya kifusi anatafuna muhogo mbichi.

Rehani alikuwa na macho mazuri na mdomo mzuri zaidi. Watu walimpenda lakini hawakumwamini. Mwaka wa juzi alikimbia mjini akasema ameuona mwezi wa Idi, na mwenziwe mmoja, kwa kumwonea haya, akasema na yeye ameuona. Watu wakafungua, wakapika, wakavaa, na usiku uliofuata mbingu ikawa nyeupe kabisa na mwezi haukuonekana. Mji mzima ukalipa saumu. Tangu hapo Rehani akisema kuna mvua, watu hutoka nje kuhakikisha.

Wakafukia pamoja hadi jua likawa jekundu. Pale walipokuwa ni mwinuko, na upande wa bara miti ilikuwa imekatwa. Mawingu ya vuli yalikuwa yametanda tangu asubuhi, ila chini kabisa, jua lilipozama, yaliinuka kidogo kama pazia lililoshikwa na mtu.

Rehani aliacha kutafuna.

Mwinjuma naye aliuona. Mwembamba, umelala chali, pembe zote mbili juu, ile ya upande wa kibla imeinuka zaidi kidogo. Ulikaa muda wa mtu kusema shahada taratibu, kisha pazia likashuka.

"Umeuona?" Rehani aliuliza.

Mwinjuma aliinama akaokota jembe.

"Nakuuliza, mwanangu. Umeuona, au macho ya Rehani yameanza tena?"

"Macho yangu yamechoka, baba," alijibu Mwinjuma. "Tangu asubuhi naona vitu vingi."

Rehani akajipangusa mikono kwenye shuka. "Hewala. Mimi nakwenda kwa Sheikh Sadallah. Atanicheka, lakini nikinyamaza mwezi utanicheka zaidi." Akaondoka, kipande cha muhogo mkononi.

Mwinjuma alirudi nyumbani taratibu. Uani palikuwa na wanawake. Mama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, na kuku wawili walikuwa wamelala ubavu karibu na jiko, wamefungwa. "Mawingu kweli leo," mama alisema kwa furaha. "Hakuna aliyeuona." Mwinjuma aliitikia "Enhe," akachukua kata akanawa, akaenda msikitini.

Baada ya sala alimkuta Mwalimu Bwanausi amebaki peke yake kwenye jamvi, tasbihi mkononi lakini haihesabiwi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona kama umechimba dunia nzima?"

"Tulikuwa tunafukia."

"Nani na nani?"

"Mimi na mzee Rehani."

Mwalimu aligeuka akatazama mlango. Kisha akasema, "Rehani amepita hapa mbio, hata kuniamkia hakuniamkia. Rehani hapiti mtu bila kumsimulia." Akaigeuza tasbihi. "Sikuulizi kitu, Mwinjuma. Nikikuuliza utanijibu, nami nikijua nimejua. Kesho saa tatu utasoma, mimi nitasikiliza, na jioni nitakushika mkono nikupeleke kwa Sadallah. Nimelingoja hilo miaka mingi. Nenda kalale."

Mwinjuma alisimama akafika mlangoni. Hakuwa amekata shauri lolote. Hakufikiria thawabu, wala moto. Aliwaza tu kwamba kesho atakaa mbele ya watu, ubani unafuka, mama yake anafuta machozi kwa upindo wa kanga, na yeye anasoma maneno ya Mungu katika siku ambayo anajua si ile wanayoidhani. Na kisha mwaka mzima mbele ya sheikh, kila siku kukibeba kitu hicho. Alikwisha kuchoka mno. Hakuona mahali pa kukiweka.

"Nimeuona, mwalimu," alisema, mgongo bado umegeuka.

Pumzi ilimtoka Mwalimu Bwanausi kama ya mtu anayetuliwa mzigo asiotaka kuutua. Kisha akatafuta fimbo yake.

"Kachukue kanzu," alisema. "Njia ni ndefu na miguu yangu si ya jana."

Walikwenda Bagamoyo kwa njia ya minazini, mzee mbele, kijana nyuma. Walipofika, barazani kwa Sheikh Sadallah palikuwa na watu kumi na kitu, taa ya mafuta inawaka, na katikati yao ameketi Rehani, amekuwa mchezo.

"Tuambie, Rehani, safari hii ulikuwa na mkia?" kijana mmoja alikuwa akisema.

"Mkia unao wewe," alijibu Rehani. "Mimi nimeona pembe."

"Ni za ng'ombe zile, ameziona toka mbali."

Sheikh Sadallah hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, macho yamezingirwa na weusi wa kusoma kwa taa. Alipomwona Mwalimu Bwanausi alinyanyuka nusu, wakapeana mikono, wakaulizana hali, wazee, watoto, mimea, kama inavyopasa. Kisha Mwalimu akasema, "Nimekuletea shahidi."

Sheikh alimwita Mwinjuma karibu, akamwambia Rehani aende akae mwisho wa baraza asije akasikia. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Ulikuwa wapi?"

"Porini nyuma ya Kaole, sheikh, kwenye mashimo ya sandarusi."

"Pembe zake?"

"Zote juu. Umelala chali. Ya upande wa kibla imeinuka kidogo."

"Ulikaa kitambo gani?"

"Wa mtu kusema shahada, asiyefanya haraka."

Sheikh aligeuka akawaambia watu, "Ndivyo alivyosema Rehani, hata shahada." Watu wakatulia. Lakini yule kijana mwenye maneno akasema, "Hawa walikuwa pamoja, sheikh. Wamefundishana. Tumesahau Idi ya juzi? Na pale pia walikuwa wawili."

Sheikh alikubali kwa kichwa. "Ni kweli. Kijana simjui, na mwenziwe namjua mno. Mwalimu, nani atanihakikishia ushahidi huu?"

Mwinjuma alimwona Mwalimu Bwanausi akifumba macho. Mzee alikuwa ameketi na fimbo katikati ya magoti, mikono yote miwili juu yake, na vidole vikawa vinajibana.

"Huyu ndiye Mwinjuma niliyekutajia," alisema hatimaye.

"Wa kuingia kwangu mwaka huu?"

"Ndiye."

"Amekhitimu lini?"

"Kesho," alisema mwalimu. "Ilikuwa akhitimu kesho."

Hapo hata yule kijana aliinamisha uso. Mmoja alikohoa. Rehani, kule mwisho wa baraza, aliinua kichwa akamtazama Mwinjuma, kwa maana yeye habari hiyo hakuwa nayo. Uso wake ukamshuka kama mtu aliyemkanyaga mtoto gizani.

"Mtu hudanganya apate," alisema Sheikh Sadallah. "Sijaona anayedanganya apoteze. Nimeupokea ushahidi wao. Mwezi umeandama, kesho ni mosi." Akamtuma mtu akatangaze msikitini.

Watu walipoanza kuvaa viatu, Rehani aliinuka akaja mbele, akapiga magoti. "Sheikh, mimi ni mtu wa kuchekwa, nicheke. Lakini kilichombakia huyu ni kidogo. Asome sasa hivi, hapa hapa. Nani atajua?"

"Hawa wote watajua," alisema sheikh.

"Mlango ni wako."

"Ndiyo sababu." Sheikh alijisugua macho kwa viganja. Alipozungumza tena alimwambia Mwinjuma mwenyewe, si Rehani. "Sikiliza, mwanangu. Ingekuwa ni kikomo tu, labda ningejikuna kichwa nikatafuta njia. Lakini nimewafungulia watu mwaka kwa neno lako. Nikikupokea, kesho sokoni watasema kijana yule aliahidiwa nafasi ndipo akauona mwezi, na saumu za mji huu zitahesabiwa kwa uvumi. Mtu yeyote mwingine naweza kumhurumia usiku huu. Wewe siwezi."

"Nimefahamu, sheikh," alisema Mwinjuma. Alikuwa amefahamu kweli, na hilo halikumpunguzia chochote.

"Mwakani, Mungu akipenda."

"Mwakani nitakuwa bara, sheikh."

Sheikh hakuuliza kwa nini. Pale Bagamoyo kila mtu alijua vijana huenda bara kwa nini. Alimpa mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi, laini, haujapata kushika jembe.

Walirudi watu watatu. Rehani hakusimulia kitu njia nzima. Mwalimu Bwanausi alisimama mara mbili kupumzika, na mara ya pili, akiwa ameegemea mnazi, alisema tu, "Kesho saa tatu. Kipande chako kipo pale pale."

Asubuhi watu walikuja, kwa sababu walikuwa wamealikwa na wali ulikuwa umekwisha kupikwa. Ubani ulifuka. Mwinjuma alisoma kwa sauti iliyokwaruzika. Alikwama mahali pamoja, Kulwa akamnong'oneza herufi, akaendelea, akamaliza. Watu wakaitikia amina. Mwalimu alimwekea mkono kichwani akasema, "Nimekuwia radhi, popote uendako," na mkono ukakaa pale muda mrefu kuliko desturi.

Mjomba Mwinshehe alikula akashiba, akanawa, akaja kuketi karibu naye. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza taratibu, akichora mchangani kwa kijiti. Kuna msafara unakusanya watu nyuma ya soko, alisema, kiongozi wake anajuana naye. Wataanza kufunga mizigo juma hili. Mzigo wa nguo ni afadhali kuliko wa shanga, maana nguo hulala begani, shanga huuma. Akaendelea hivyo mpaka akaona kijana hamwitikii.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mjomba. Nguo, si shanga. Niache nilale kwanza."

Akaingia ndani. Mama alikuwa ameketi sakafuni chumbani karibu na kitanda, kanga imefunika nusu ya uso. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana.

"Alasiri ile," alisema. "Ningenyamaza tu alasiri ile."

Mwinjuma alijilaza, kanzu mwilini, miguu ikining'inia nje ya kitanda kwa urefu wake. Alitafuta neno, na yote aliyokuwa nayo yalikuwa mazito. Akachukua lililokuwa jepesi.

"Wali ulikuwa mzuri, mama," alisema. "Watu wameshiba." Akageukia ukutani, na kabla mama hajajibu, usingizi ukawa umekwisha kumchukua.